Kwani hakuwa na mwongozaji? Undani wa safari ya kupanda Everest

Mei 2024, habari za kifo cha Cheruiyot Kirui, Mkenya aliyekuwa akipanda Everest, zilipofika Nairobi, swali lililozunguka kwenye makundi ya WhatsApp lilikuwa moja: kwani hakuwa na mwongozaji?

Alikuwa naye. Jina lake Nawang Sherpa. Asubuhi ya tarehe 22 walikuwa wote wawili juu sana kwenye Everest, Kirui akijaribu kufika kileleni bila oksijeni ya mtungi. Kwa taarifa zilizotoka kambini, Nawang aliita kwa redio akasema mwenzake hayuko sawa, anakataa kurudi na anakataa oksijeni. Baada ya hapo redio ikanyamaza. Kesho yake mwili wa Kirui ulionekana karibu sana na kilele. Nawang hakuonekana.

Siwalaumu waliouliza. Kwetu huku neno mwongozaji lina maana ambayo kila aliyewahi kupanda Kilimanjaro anaijua. Ni yule kijana au mzee anayekuangalia machoni asubuhi kabla hujamaliza uji, anayekutembeza pole pole hadi unachoka kwa upole wake, na akiona unayumba anakugeuza. Ukishindwa kutembea wapo wagumu, yaani wapagazi wetu, wenye machela ya gurudumu moja, na kabla siku haijaisha uko chini unapumua vizuri. Watu wakasikia Everest, wakasikia mwongozaji, wakaweka picha hiyo hiyo. Neno ni hilo hilo, lakini kazi inayofanyika kule ni nyingine kabisa, na tusipoielewa tutaendelea kuuliza swali lisilo na jibu kila msiba unapotokea.

Tuanze na hewa, maana mengine yote yanatoka hapo.

Wengi husema kule juu "oksijeni imepungua". Kwa hesabu ya mafungu si kweli: ukisimama ufukweni Bagamoyo au juu ya Everest, oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni mgandamizo. Fikiria magunia ya mahindi yaliyopangwa ghalani. Gunia la chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake, punje zimeshikana. La juu kabisa limelegea. Sisi wa pwani tunaishi chini ya rundo. Kwenye kambi kuu ya Everest upande wa Nepal, mita 5,364, mgandamizo ni kama nusu ya ule wa baharini. Kileleni, mita 8,849 kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020, ni kama theluthi moja. Unavuta pumzi kifua kijae, na ndani ya kifua hicho kumeingia theluthi tu ya ulichozoea.

Mwili hauketi ukasubiri. Siku ya kwanza unaanza kupumua haraka. Siku zinazofuata figo hurekebisha kemia ya damu ili uweze kuendelea kupumua hivyo bila kichwa kuzunguka. Kisha, kwa wiki kadhaa, chembe nyekundu za damu huongezeka. Hakuna njia ya mkato ya kuaminika katika hili. Mei 2025 Waingereza wanne walipanda Everest siku chache tu baada ya kuondoka London, wakiwa wamelala kwa wiki nyingi ndani ya mahema yenye hewa hafifu nyumbani kwao na kuvuta gesi ya zenoni kabla ya safari. Shirikisho la kimataifa la wapanda milima lilikwisha kusema mapema mwaka huo kwamba hakuna ushahidi kuwa gesi hiyo inamsaidia mpandaji. Nami nasema walichofanya ni kuanza kuzoea wakiwa nyumbani, basi. Wiki zilezile, mahali tofauti.

Hapa msomaji wa Moshi atauliza: mbona sisi tunawafikisha watu mita 5,895 kwa siku sita, na Wanepali wanatumia siku nane au tisa kufika kambi kuu iliyo chini zaidi? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalofungua mengine. Kilimanjaro mtu haishi kileleni. Analala Kibo au Barafu, karibu mita 4,700, anaamshwa usiku, anagusa Uhuru asubuhi, anapiga picha, na jioni yake yuko chini sana. Mwili unaazimwa kwa saa chache. Mpandaji wa Everest anakwenda kukaa. Atalala kwenye mita 5,364 kwa mwezi na zaidi, ale pale, aharishe pale, akohoe pale. Ndiyo maana madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukipita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike.

Sehemu hiyo ya kwanza, kutoka Lukla hadi kambi kuu, ndiyo ambayo watu wengi wa kawaida wanaweza kuifanya na kurudi salama. Ndege ndogo inatua Lukla kwenye kibarabara cha mita 527 kinachopanda kama mlima wenyewe, mbele yake ukuta. Siku ya pili unapanda Namche, mji wa Masherpa wa mita 3,440 uliokaa kama kiatu cha farasi ubavuni mwa bonde. Hapo unalala siku mbili. Kisha Tengboche kwenye monasteri, Dingboche siku mbili tena, Lobuche, Gorak Shep. Njiani unakutana na wapagazi, na hapa naomba usimame kidogo.

Mpagazi wa Nepal habebi kichwani kama mgumu wetu. Anabeba kwa *namlo*, ukanda mpana unaopita kwenye paji la uso na kushika kapu mgongoni. Mama wa Kikuyu aliyebeba kuni kwa *mukwa* angeuelewa ukanda huo bila kuelezwa, na hata alama unayoiacha kwenye paji la uso angeitambua. Mkononi ana fimbo yenye kichwa cha herufi T. Akichoka haketi, maana kuketi na mzigo ule ni kazi na kuinuka ni kazi mara mbili. Anaisimika fimbo chini ya kapu, mzigo unakaa juu yake, naye anapumua akiwa wima. Kisha anaendelea. Mbao, mitungi ya gesi, katoni za soda, vitanda vyenu wageni. Kila unachokula kule juu kimepita kwenye shingo ya mtu.

Jioni, kwenye chumba chenye jiko la chuma katikati, mwongozaji wa matembezi anapita na kidude kidogo cha kubana kidoleni. Kinasoma oksijeni ya damu. Ukiona asilimia 80 usishtuke. Dar es Salaam wangekulaza hospitali, hapo unaagizwa umalize wali na dengu ukalale. Anachotazama si namba peke yake. Anatazama kama umekula, kama umecheka na wenzako, kama umefunga kamba za viatu sawasawa. Dalili za ubongo kuanza kuvimba ni pamoja na mtu kutembea kama mlevi, na dalili za mapafu kuanza kujaa maji ni pamoja na kukosa pumzi hata akiwa amelala. Dawa zipo, na pale Pheriche kuna kliniki ya chama cha uokoaji cha Himalaya yenye uzoefu wa miaka mingi, lakini tiba yenyewe ni moja tu: kushuka, usiku huo huo, usisubiri kuche.

Mpaka hapo mwongozaji ni yule tunayemjua. Anakuona, anaamua, anakushusha. Nepal ilitangaza kuwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2023 wageni wasitembee peke yao bila mwongozaji kwenye njia za hifadhi, ingawa serikali ya mtaa ya Khumbu, eneo lenye Everest, ilikuwa na msimamo wake na haikuifuata kwa ukali. Mwongozaji huyu wa matembezi ana leseni ya kutembeza watu njiani. Hana kazi juu ya kambi kuu. Ukivuka kambi kuu unakabidhiwa kwa watu wengine.

Sherpa ni kabila

Hapa ndipo maneno yanapotuchanganya. Magazeti huandika "sherpa wake" kana kwamba ni cheo, kama dereva au mpishi. Masherpa ni watu. Mababu zao walivuka kutoka Tibet mashariki miaka kama 500 iliyopita, na jina lenyewe lina maana ya watu wa mashariki. Wana lugha yao, monasteri zao, viazi vyao, na majina yanayotokana na siku ya kuzaliwa: Pasang ni Ijumaa kama Juma wetu, Phurba ni Alhamisi kama Hamisi, Dawa ni Jumatatu. Ndiyo maana unasoma habari za mlimani unaona Pasang watatu na Dawa wanne, na mhariri wa mbali anadhani ni mtu mmoja.

Kweli wana zawadi ya mwili. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba Watibeti, ndugu zao wa damu, wengi wao wana aina ya jeni iitwayo EPAS1 inayoizuia damu isizidi kuwa nzito milimani. Sisi wengine tukikaa juu, chembe nyekundu huongezeka hadi damu inakuwa kama uji. Wao inabaki nyepesi. Lakini jeni haizuii barafu isiangukie mtu, na Sherpa juu ya mita 8,000 naye huvaa barakoa ya oksijeni kama mteja.

Na siku hizi si wote wanaofanya kazi hiyo ni Masherpa kwa kabila; wamo Warai, Watamang, Wagurung. Kati yao wapo waliosomea miaka mingi hadi wakapata hati ya kimataifa ya uongozaji milimani, ambayo chama cha Nepal kilikubaliwa kuitoa mwaka 2012, na hao ni wachache. Wapo wenye mafunzo ya msingi na misimu mingi ya kazi. Wapo vijana wa msimu wa pili. Wote mteja huwaita "mwongozaji wangu". Akimwita kwa adabu ya Kinepali humwita *dai*, yaani kaka, na jina hilo kwa maoni yangu ni la kweli zaidi kuliko lile la kwenye mkataba.

Katika msafara mkubwa, kiongozi mkuu wa Wanepali anaitwa *sirdar*. Yeye ndiye anayepanga nani anabeba nini, nani analala wapi, na nani anakwenda na mteja gani. Ukitaka kujua msafara ni mzuri au mbaya, usitazame tovuti yao. Tazama wafanyakazi wanavyozungumza na sirdar.

Njia inayojengwa kila mwaka upya

Kabla mteja hajafika, mlima unatengenezwa. Sitii chumvi. Juu tu ya kambi kuu kuna maporomoko ya barafu ya Khumbu: mto wa barafu unaoshuka mtelemko mkali, unapasuka vipande vikubwa kama nyumba za ghorofa, na unasogea karibu mita moja kwa siku. Njia ya mwaka jana haipo. Kikosi kidogo cha Masherpa wanaoitwa madaktari wa barafu, walioajiriwa na kamati ya usafi ya Sagarmatha (ndilo jina la Everest kwa Kinepali), huingia humo mapema kabla ya wengine, wakitafuta pa kupita, wakilaza ngazi za alumini juu ya nyufa, wakiziunganisha ngazi mbili tatu mfululizo kwa kamba pale ufa ulipo mpana. Msimu mzima wanarudi kuzikaza, maana barafu ikisogea ngazi inapinda au inabaki ikining'inia.

Mteja hupita hapo usiku, kuanzia saa saba au saa nane, kabla jua halijalegeza kitu. Amevaa mkanda wa kiunoni, amenasa kwenye kamba, chini ya viatu ana vyuma vyenye meno, na meno hayo yanakwaruza vipago vya ngazi huku chini yake kuna giza la bluu lisilo na mwisho. Anapita mara chache. Siku hizi misafara mingi huwapeleka wateja kuzoea hewa kwenye mlima mwingine wa jirani, kama Lobuche Mashariki wenye mita 6,119, ili wasipite humo mara nyingi. Anayebeba mahema, chakula, majiko na mitungi kwenda kambi ya pili anaweza kupita mara ishirini na zaidi kwa msimu.

Tarehe 18 Aprili 2014 asubuhi, barafu ilivunjika ubavuni na kuwaangukia watu waliokuwa ndani ya maporomoko hayo. Walikufa 16. Wote Wanepali, wote kazini. Serikali ikatangaza mkono wa pole wa rupia 40,000 kwa kila familia, kama dola 400 hivi, wakati kibali kimoja cha mgeni kilikuwa maelfu ya dola. Wafanyakazi wakagoma, msimu ukafa. Bima ya wafanyakazi iliongezwa baada ya hapo, na kila ninaposoma kuhusu bima hiyo naikumbuka asubuhi ile, kwa sababu haikuongezwa kwa hisani ya mtu.

Kuna jambo moja la karibuni linalonipa moyo. Kuanzia 2024 zilijaribiwa droni za mizigo juu ya maporomoko hayo, na mwaka 2025 zikapandisha ngazi na kamba na kushusha taka. Kila mzigo unaopaa ni safari moja ambayo mtu hakuipita.

Juu ya hapo zipo kambi nne. Ya kwanza karibu mita 6,000, ya pili 6,400, ya tatu imechongwa kwenye ukuta wa barafu wa Lhotse, mlima wa jirani, karibu mita 7,200, ya nne kwenye uwanda wa mawe na upepo unaoitwa South Col, karibu 7,900. Kutoka kambi ya pili hadi kileleni kikosi kingine cha Masherpa hufunga kamba, mita kwa mita, na wao ndio huwa wa kwanza kufika kileleni kila msimu. Watalii wote wanaofuata wanapanda wakishikilia kamba hiyo kwa kidude chenye meno kinachokwenda mbele bila kurudi nyuma.

Basi hicho ndicho mteja anachonunua. Misafara ya bei nafuu huanzia dola 40,000 hivi, ya kifahari inapita 100,000. Humo mna kibali cha serikali, kilichokuwa dola 11,000 kwa msimu wa masika na kupanda hadi 15,000 kuanzia Septemba 2025. Mna kamba, ngazi, mpishi, daktari, redio, taarifa za hali ya hewa, mitungi. Sherpa anayemfuata mteja hadi juu hurudi nyumbani na elfu chache za dola pamoja na bakshishi. Kwa Nepal ni pesa nyingi, inasomesha watoto Kathmandu. Kwa kazi yenyewe, kila mtu apime.

Saa ya kugeuka

Kwa sehemu kubwa ya mwaka kilele cha Everest kimeingia ndani ya mto wa upepo unaozunguka dunia juu angani, na hakuna binadamu anayesimama humo. Katikati ya Mei, kabla ya mvua za monsuni za Asia, mto huo husogea kaskazini na upepo hutulia. Siku chache tu. Wataalamu wa hali ya hewa wanaziona kutoka mbali, wote wanaona zilezile, na misafara yote inaondoka pamoja. Picha ya foleni iliyopigwa na Nirmal Purja, mpandaji wa Nepal, tarehe 22 Mei 2019, watu wamepangana kwenye ukingo mwembamba kama wanaosubiri daladala, ilitokana na hilo: vibali vingi na siku chache.

Foleni kule haiudhi tu, inaua, na hesabu yake ni rahisi. Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 4 na umeshindiliwa gesi lita 1,000 na kidogo. Ukiivuta lita mbili kwa dakika unadumu zaidi ya saa nane. Ukiongeza hadi nne kwa sababu unapanda kwa nguvu, zinabaki saa nne na kitu. Ukisimama saa mbili kwenye kamba nyuma ya mtu aliyekwama, mtungi haujui kama umesimama. Mitungi ya akiba yuko nayo Sherpa mgongoni, na yeye pia anavuta.

Wanaondoka South Col jioni au usiku, taa kichwani, wanapanda usiku kucha ili wafike asubuhi na washuke mchana. Kila msafara makini una saa ya kugeuka: ikifika saa hiyo, popote ulipo, hata kama kilele unakiona, unageuka. Tarehe 10 Mei 1996 saa hiyo kwa misafara miwili mikubwa ilikuwa, ikichelewa sana, saa nane mchana. Watu kadhaa walifika kileleni baada ya hapo. Dhoruba ikaja jioni. Wanane walikufa, na kati yao walikuwa viongozi wenyewe wa misafara hiyo miwili, Rob Hall wa New Zealand na Scott Fischer wa Marekani. Hall alibaki karibu na kilele na mteja aliyeishiwa nguvu. Hakumwacha.

Sasa turudi kwenye swali la Nairobi, maana tumepata vifaa vya kulijibu.

Mwongozaji wa Kilimanjaro ana nguvu tatu: anaona, anaamua, anashusha. Juu ya mita 8,000, ile ya tatu karibu haipo. Helikopta kwa kawaida hufika kambi ya pili; juu zaidi ya hapo ni bahati na ujuzi wa marubani wachache. Kumshusha mtu mmoja asiyeweza kutembea kunahitaji watu wengi wenye nguvu, na nguvu ndicho kitu ambacho hakuna mwenye nacho. Ndiyo maana dunia ilishangaa Mei 2023, Gelje Sherpa alipomkuta raia wa Malaysia ameshikilia kamba, anatetemeka, karibu mita 8,300. Gelje alikuwa anampeleka mteja wake Mchina kileleni. Akamwomba mteja aache kilele. Mteja akakubali. Gelje akamviringisha mgonjwa kwenye godoro la kulalia, akamfunga, na akashuka naye kwa saa nyingi, mara akimburuta kwenye theluji, mara akimbeba mgongoni kama mama abebavyo mtoto mkubwa, hadi wenzake walipomsaidia na helikopta ikamnyanyua mgonjwa chini zaidi. Yule mtu aliishi. Lakini tazama ilichohitaji: Sherpa mwenye nguvu za pekee, mwenzake wa kumsaidia, mteja aliyekubali kupoteza ndoto na pesa, na mgonjwa asiyebisha.

Hilo la mwisho ndilo zito. Ubongo ukikosa oksijeni, kinachokwenda kwanza ni uwezo wa kujua kwamba umekosa. Mtu anajiona mzima. Anaongea, anapanga, anasisitiza, kama mlevi anayedai funguo za gari. Kirui hakuwa mgeni wa milima; mwaka uliotangulia alikuwa amepanda Manaslu, mita 8,163, bila mtungi. Kupanda hivyo kuna heshima yake, na njia ilifunguliwa na Reinhold Messner na Peter Habeler hapo hapo Everest tarehe 8 Mei 1978. Alichokitaka hakikuwa wazimu. Ila anayepanda bila mtungi anajua kwamba akiharibika, ataharibika akiwa na hakika kuwa yuko sawa, na mwenzake atabaki na maneno tu. Pale juu huwezi kumlazimisha mtu mzima. Ukimvuta mnaanguka wote. Ukimwacha, umemwacha.

Kwa hiyo neno la mwisho haliamuliwi mita 8,700. Linaamuliwa chini, mezani, kabla pesa haijalipwa, au haliamuliwi kabisa. Ndugu yeyote anayefikiria safari hii, na wapo wengi zaidi tangu Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro, alipokuwa Mtanzania wa kwanza kufika kilele hicho mwaka 2012, na James Kagambi Mkenya wa kwanza mwaka 2022 akiwa na miaka 62, akae na kampuni na aulize mambo ya wazi. Nani ana amri ya kunigeuza, na je, imeandikwa? Nitakuwa na Washerpa wangapi siku ya kilele, na wamefika juu mara ngapi? Kanuni mpya za Nepal za 2025 zinataka angalau mwongozaji mmoja kwa kila wapandaji wawili kwenye milima ya zaidi ya mita 8,000. Kampuni inayokusifu kwa hilo tu imekupa kiwango cha chini. Mitungi mingapi ni yangu, na mingapi ni ya Sherpa wangu? Bima yake ni kiasi gani? Swali hili la mwisho wateja hawaliulizi, na jibu lake linakuonyesha kampuni yote.

Na yeye mwenyewe ajiulize amefanya nini kabla. Mtu aliyefika Uhuru na kurudi akiimba bado hajajua chochote kuhusu kuishi wiki sita kwenye barafu. Aanze na Mera, mita 6,476, ajifunze kufunga vyuma vya viatu kwa mikono iliyokufa ganzi. Aende kwenye mlima wa mita 7,000. Akifika huko mara mbili na bado anataka, sawa. Nasema haya kwa sababu Sherpa anayepewa mteja asiyejua kufunga mkanda wake mwenyewe amepewa mzigo ambao hakuna mizani iliyoupima.

Mwaka 1993 Pasang Lhamu Sherpa, mama wa Khumbu, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest. Alifia njiani akishuka, baada ya kukaa juu na Sherpa mwenzake aliyekuwa mgonjwa, Sonam Tshering, ambaye naye alifariki. Leo halmashauri nzima ya Khumbu inaitwa kwa jina lake. Watu wa kule wanajua maana ya kubaki na mwenzako. Hawahitaji kuelezwa na mkataba.

Familia ya Kirui ilikaa ikashauriana, ikaamua mwili wake ubaki mlimani. Kuushusha kutoka kule kungehitaji kundi la Masherpa kupanda tena hadi mahali palepale, na kuukata kutoka kwenye barafu, na kuuteremsha kwa kamba kupita kambi zote nne na maporomoko ya Khumbu. Walisema hawataki maisha ya mwingine yaingie hatarini.